Shimo la Jikoni Linakula Mbegu Zetu



Mara hii hatuandiki juu ya mpira wala juu ya sherehe ya kufunga mwaka. Tunaandika juu ya shimo la takataka lililo nyuma ya jiko. Tunajua kuko wenye watacheka. Watasema: "Ona, watu wa klasi ya mwisho, wenye kungoja ekzameni ya Leta, wamekosa habari mpaka wanaandika habari ya maganda!" Wacheke tu. Lakini wasome mpaka mwisho, kisha waende wenyewe kuangalia ndani ya shimo lile.

Watakuta nini? Watakuta maganda ya ndizi, majivu na majani ya mashu yaliyooza, ni kweli. Lakini watakuta pia vichwa vya amateke vilivyokatwa na kutupwa na macho yao mazima. Watakuta vitako vya puaro vyenye mizizi myeupe. Watakuta viazi vya kizungu vidogo vilivyoanza kuchipuka, vitunguu vilivyotoa majani mbele ya kupikwa, vipande vya tangawizi, na kamba za viazi vitamu ambazo mtu amechuma matembele yote akatupa kamba nzima. Mvua ikinyesha, vingine vinaota palepale juu ya uchafu, bila mtu kuvipanda. Na sisi tunapita karibu yake kila asubuhi, tukienda klasi kujifunza biolojia.

Maoni yetu ni haya, na tunayasema waziwazi: shimo la jikoni linakula mbegu zetu. Hatusemi kila takataka ni mbegu. Tunasema mbegu nyingi zinatupwa kwa jina la takataka, na watu wa Rutshuru, kwa yale tuliyoyapitia, hatuna nafasi ya kutupa mbegu.

VYAKULA VYA NAMNA MBILI

Inafaa tueleze kwanza jambo moja, maana maneno yetu yote yanasimama juu yake.

Kuko vyakula vyenye kukulazimisha kuchagua. Maharagi ni hivyo. Mahindi ni hivyo, na karanga pia. Punje ukiila, hutaipanda. Ukiipanda, hutaila leo. Ndiyo maana mama zetu, mbele ya mvua za mwezi wa 9, wanafunga maharagi ya mbegu ndani ya kitambaa na kuyaficha mbali na watoto. Njaa ikizidi, kitambaa kinafunguliwa. Siku ile nyumba inakula na inashukuru, lakini shamba la msimu ule limekwisha kufa.

Kuko vyakula vingine vyenye kukubali kuliwa na kupandwa kwa siku moja. Amateke: unakata kichwa cha juu pamoja na kipande kifupi cha mabua yake, unakirudisha udongoni, na kingine chote kinaingia ndani ya sufuria. Viazi vitamu: unakula kiazi, unapika matembele, na kamba inabaki ya kupanda. Muhogo: unakula mzizi, unatwanga majani kuwa sombe, na mti wake unaukata vipande vya urefu wa kisigino mpaka goti la mtoto. Mgomba: ndizi zinaliwa, watoto wa mgomba wanabaki. Nanasi: unakula tunda, taji lake linapandwa. Kitunguu saumu: kichwa kina meno mengi, unapika mengine na kubakiza moja. Puaro: unakata juu, unaacha kitako cha vidole viwili au vitatu pamoja na mizizi.

Sababu ni nini? Tumejifunza klasini. Punje ya maharagi ni mtoto wa mmea aliyelala pamoja na chakula chake. Ukiila, umekula mtoto na akiba yake. Kiazi cha kizungu ni kitu kingine: ni shina lililonenepa chini ya udongo, na yale tunayoita macho ni machipukizi. Kila jicho linaweza kuwa mmea. Kitako cha kitunguu au cha puaro nacho ni shina, fupi sana, kama sahani ndogo: mizizi inatoka chini yake, majani yanatoka juu, na moyo wa kuotesha uko katikati. Ukiacha ile sahani nzima, mmea utaanza tena. Ukiikata, umemaliza. Basi mwenye kushika kisu jikoni inamwomba kujua kitu kimoja tu: jicho liko wapi? Akijua hivyo, atajua kipi cha kupika na kipi cha kurudisha.

"KWETU UDONGO UKO MUZURI, HAYA NI YA NINI?"

Tulipoanza kusema habari hii, wenzetu wengi walitujibu: "Hayo ni mambo ya watu wa Goma wenye kukaa juu ya mawe. Hapa kwetu ukichomeka fimbo, inaota. Tuko na mashamba."

Ni kweli, udongo wetu ni mzuri. Volkano zenye kutuogopesha ndizo zilizotupa udongo huu, na mboga nyingi zenye kuliwa Goma zinatoka huku kwetu na Kibumba. Lakini tuulizane kwa ukweli, ndugu: shamba la wazazi wako liko mbali namna gani na nyumba? Na ni siku ngapi katika mwaka mama anaweza kwenda huko bila hofu moyoni?

Vita vilifika Rutshuru mwaka 2008, vikarudi 2012, vikarudi tena 2022. Kila mara habari ilikuwa ileile. Watu wanakimbia bila kuvuna. Wakirudi, wanakuta shamba limekuwa pori, na mbegu zimeliwa au zimeibwa. Wengine hawarudi upesi. Wanakaa kwa jamaa, au kwa watu wasiowajua ambao waliwafungulia mlango kwa huruma tu. Wenye nyumba wanagawanya sahani, wageni wanaona haya kuongeza mkono. Wenzetu wa namna hii wako katika kila klasi ya shule hii. Hatuandiki majina, hayahitajiwi.

Mama mwenye kukimbia hawezi kubeba shamba. Hawezi kubeba gunia la maharagi na mtoto mgongoni kwa siku moja. Lakini kamba tatu za viazi vitamu anaweza kuzifunga ndani ya kitambaa. Kipande cha mti wa muhogo anaweza kukishika kama fimbo ya kutembelea. Havina uzito, na njiani hakuna mtu mwenye kuvitamani. Akifika penye salama, hata kama hana shamba, pengine atapewa pahali padogo nyuma ya jiko la yule aliyempokea. Baada ya wiki kadhaa ataweza kuchuma matembele na kuyaweka juu ya meza ya mwenye nyumba. Hiyo nayo ni heshima, na heshima ya mtu haionekani katika hesabu za msaada.

Na mwenye nyumba je? Yeye ambaye jiko lake lilizoea kutupa vichwa vya amateke, sasa angekuwa na kitu cha kumpa mgeni chenye kudumu kuliko sahani moja ya chakula. Kwa hiyo msituambie haya ni mambo ya watu wa mawe. Ni mambo yetu kabisa.

HABARI MOJA YA MBALI

Si sisi peke yetu tumeona vile ilivyo vigumu kuchunga mbegu wakati wa njaa. Katika vita vya pili vya dunia, mji wa Leningrad katika nchi ya Urusi ulizungukwa na jeshi la Wajerumani toka Septemba 1941 mpaka Januari 1944. Watu mamia ya maelfu walikufa kwa njaa ndani ya mji ule. Humo mlikuwa nyumba ya kuhifadhi mbegu ambazo mwanasayansi Nikolai Vavilov na wenzake walizikusanya katika safari nyingi, hata Ethiopia walifika. Kulikuwa mchele, mahindi, maharagi, karanga, viazi. Wafanyakazi wa nyumba ile walikaa na njaa katikati ya chakula, wakakataa kukigusa, ili watu wa kesho wapate mbegu. Kadhaa kati yao walikufa hivyo. Vavilov mwenyewe alikufa mwaka 1943 katika jela ya serikali yake.

Tunawaheshimu watu wale. Lakini tunasema pia: hakuna mtu mwenye haki ya kumwomba mama wa Rutshuru afanye vile, watoto wake wakimlilia. Ukimwambia mwenye njaa "usile mbegu", umempa sheria, msaada hujampa. Ndiyo sababu vyakula vya namna ya pili viko na bei kubwa kwetu. Havimwombi mama kuchagua kati ya mtoto wa leo na shamba la kesho. Anapika, watoto wanakula, na mbegu inabaki mkononi mwake. Na sisi, kwa uvivu wa hatua 10 toka jiko mpaka bustani, tunaitupa!

TUSIDANGANYANE

Sasa tugeukie upande mwingine, maana kuko pia wenye kuzidisha. Katika simu mnaona kichwa cha karoti ndani ya glasi ya maji, majani yanatoka, na sauti inasema hutanunua mboga tena maisha yako yote. Ni uongo, na uongo unaharibu jambo zuri, kwa sababu mtu akijaribu na kushindwa, ataacha hata kile chenye kweli.

Kichwa cha karoti kinatoa majani. Ukikipanda udongoni kinaweza kutoa maua na mbegu. Lakini karoti uliyokula haitarudi. Kitako cha shu ndani ya maji kinatoa majani machache madogo, basi. Afadhali shu likiwa bado shambani: kata kichwa, acha shina na mizizi, nalo litatoa vichwa vidogo vidogo pembeni. Puaro ya pili ni nyembamba kuliko ya kwanza, na ya tatu ni nyembamba zaidi. Maji peke yake hayana chakula cha kutosha. Baada ya siku chache puaro inaomba udongo na mbolea. Na maji yale yabadilishwe kila siku, yasioze wala kuzaa mbu. Taji la nanasi litakungojesha mwaka mmoja na nusu, miaka miwili, hata zaidi. Kokwa la avoka linaota vizuri sana, lakini utangoja miaka, na matunda yake pengine hayatafanana na lile ulilokula. Mbegu za tomati zinaota hata bila kuombwa, ila zile za tomati hibridi watoto hawafanani na mama.

Maganda ya ndizi na ya muhogo hayaoti kamwe. Hayo ni ya mbolea. Wengine wanawapa mbuzi. Ni vizuri, lakini maganda ya muhogo mchungu yakaushwe kwanza juani, maana mabichi yana sumu.

Tena tukumbuke kwamba puaro, sereli na vitunguu havishibishi. Vinatia harufu nzuri ndani ya maharagi, na hilo si jambo baya, kila mtu wa internati anajua maharagi bila kitunguu yako namna gani. Lakini chenye kushibisha ni amateke, viazi, muhogo na ndizi. Na chenye kujenga mwili wa mtoto ni majani ya kijani, kama matembele, sombe na lengalenga. Basi tukianza, tuanze na kamba za viazi vitamu na vichwa vya amateke. Puaro ifuate nyuma.

Na bustani ya jikoni haiwezi kuchukua nafasi ya shamba. Kazi zake ni mbili: kuongeza jani ndani ya sufuria, na kuchunga mbegu mpaka shamba lirudi. Mwenye kukuahidi zaidi ya hapo, muulize kama yeye mwenyewe anashiba na glasi ya karoti.

MBEGU YA JIKONI INAWEZA KULETA UGONJWA

Jambo hili tunaliandika kwa herufi kubwa kwa makusudi. Mbegu kavu mara nyingi inaacha magonjwa nyuma, lakini kipande cha mmea kinabeba kila kitu cha mama yake, na ugonjwa wake pia.

Muhogo wenye majani yaliyojikunja, yenye madoa ya njano na kijani, una ugonjwa wa mozaiki. Ukikata mti wake na kuupanda, umepanda ugonjwa. Chukua mti katika shina lenye majani mazuri tu, hata kama inaomba kwenda mbali kidogo kumwomba jirani.

Migomba tunajua yote yaliyotupata. Ule ugonjwa wa kunyausha migomba ulionekana katika Kongo mara ya kwanza huku huku Kivu ya Kaskazini, katika Masisi, mwaka 2001, ukaenea sehemu nyingi. Majani yananyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina unaona maji mazito ya njano. Unatembea na mtoto wa mgomba mwenye ugonjwa, unatembea pia juu ya panga. Kwa hiyo usipokee mtoto wa mgomba toka shamba lenye kunyauka, hata kama ni zawadi ya mjomba. Na panga lipitishwe ndani ya moto mbele ya kukata mgomba mwingine.

Viazi vya kizungu vya sokoni vinaweza kuwa na ugonjwa wa kunyausha ambao unabaki ndani ya udongo miaka. Ukivipanda, vipande ndani ya gunia au ndoo peke yake. Usivipeleke kamwe katika shamba la viazi la wazazi. Mzee amelima miaka 20, wewe unamletea ugonjwa kwa kipande kimoja cha jikoni. Hapo atakuwa na haki ya kukukasirikia, wewe na karatasi hizi. Tena kiazi kilichokuwa kijani kina sumu, na machipukizi yake pia. Hicho usikipike. Kipande.

ASIYEKUWA NA UDONGO

Kuko wenzetu wenye kupanga nyumba pale Rutshuru mjini na Kiwanja. Uwanja ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hataki jembe. Hao nao wafanye nini?

Hapa inafaa tujifunze kwa watu wa Goma, wale tuliowacheka. Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 1977, ikamwaga tena 2002, na tena 2021. Sehemu kubwa ya mji ule imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mwenye kutaka mboga karibu na nyumba analeta udongo toka pengine, anauweka juu ya mawe, ndani ya matairi, ndani ya magunia. Kibera pia, huko Nairobi, baada ya fujo za uchaguzi za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watu wengi walianza kupanda mboga ndani ya magunia mbele ya milango yao, kwa sababu vyakula vilikuwa ghali na udongo wa kulima haukuwapo.

Namna yake si ngumu. Tafuta gunia. Changanya udongo na mbolea iliyooza vizuri. Katikati simamisha mkebe usio na kitako, uujaze mawe madogo, weka udongo pembeni yake, kisha pandisha mkebe na kuujaza tena mawe, mpaka juu. Ile nguzo ya mawe inapeleka maji mpaka chini, la sivyo juu kunakuwa matope na chini kunakauka. Toboa matundu pembeni na upande miche ndani yake, na mingine juu. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa. Maji ya chooni au ya mtaro, hapana, hata kidogo. Kipindupindu tunakijua.

Gunia ni lako. Ukihama nyumba, unaweza kuhama nalo, na mwenye nyumba hana neno.

KAZI YA NANI?

Tufike sasa penye uchungu. Wengi hawakatai habari hii kwa sababu ya udongo au ya ugonjwa. Wanaikataa kwa haya. Kupanda kitu kilichotoka ndani ya takataka kunaonekana ni kazi ya maskini. Mvulana akionekana ameshika kitako cha puaro, wenzake wanamwita mama mpishi, sawa vile jina hilo ni tusi. Msichana akifanya, hakuna mwenye kumwona, maana wanahesabu ni kazi yake toka kuzaliwa.

Hatukubali. Kwanza, "mama mpishi" si tusi. Bila yeye hakuna mwenye kufika ekzameni. Pili, mara kwa mara shule inaona pahali patupu ambapo jana mwenzetu alikuwa amekaa, kwa sababu makuta ya masomo yamekosekana nyumbani. Nyumba yenye kununua hata matembele inakosa makuta mbele ya nyumba yenye kuchuma matembele mlangoni. Tofauti ni ndogo kwa siku moja. Kwa mwaka mzima inaonekana. Haba na haba hujaza kibaba, tunaimba methali hiyo toka shule ya msingi, lakini kibaba chetu kina tundu, na tundu liko nyuma ya jiko.

Tatu, sisi ni shule ya Kiprotestanti na tunasoma Biblia kila asubuhi. Katika Yohana sura ya 6, watu elfu 5 walipokwisha kushiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, na vikajaza vikapu 12. Yeye mwenye uwezo wa kuzidisha mikate hakuona haya kuagiza mabaki yakusanywe. Na walioinama kuyaokota waliitwa wanafunzi. Sisi tuko nani tukatae kuinama?

TUNAOMBA NINI

Maoni bila ombi ni kelele tu. Haya ndiyo maombi yetu, kwa Bwana Prefe, kwa walimu, kwa mama wapishi na kwa wenzetu.

La kwanza: jikoni kuwekwe ndoo tatu. Moja ya vile vyenye jicho, yaani vichwa vya amateke, kamba, vitako, vitunguu na viazi vilivyochipuka. Moja ya vile vyenye kuoza kuwa mbolea. Moja ya takataka za kweli, kama chupa na plastiki. Mama wapishi wasiongezewe kazi. Klasi moja kila wiki itapokea ndoo hizo na kuziondoa, wavulana na wasichana kwa zamu sawa.

La pili: tupewe kipande cha uwanja nyuma ya chumba cha kulia, kile ambacho leo kina majani tu. Tutaweka ua wa miti, maana mbuzi na kuku wa jirani hawasomi matangazo. Kazi ya mikono ya Jumamosi ifanyike huko, badala ya kufagia mara mbili uwanja ule ule.

La tatu: adhabu ya kulima isiende katika bustani hii. Mtoto akifundishwa kwamba udongo ni adhabu, atauchukia mpaka uzee wake. Mwenye kukosa apewe adhabu nyingine.

La nne, na hili ndilo kubwa kwetu: bustani isiwe ya kuuzisha. Ikivunwa, majani yaingie ndani ya sufuria ya shule, na miche igawanywe. Kila mwisho wa trimestre, mwanafunzi mwenye kutaka aende nyumbani na kamba kadhaa za viazi vitamu, kichwa cha amateke na kitako cha puaro. Wale wenzetu wenye kukaa kwa jamaa wapewe mbele ya wengine, bila kuitwa majina mbele ya watu. Mwalimu wa klasi anawajua, anaweza kuwapa kwa siri.

Watu watauliza: na wezi? Wezi watakuja, ndiyo. Lakini mwizi wa matembele anachuma majani na kuacha kamba, na kamba itatoa majani tena. Wengine watauliza: na vita vikirudi, kazi yote itakuwa ya bure? Tunawajibu hivi: shamba likiachwa, linaachwa lote. Lakini mbegu iliyogawanywa katika nyumba 200 haiwezi kupotea yote siku moja. Nyumba moja itakimbilia Goma, nyingine Kanyabayonga, nyingine itabaki. Palipo na moja wapo, watu wataanza tena pale. Ndiyo maana tunasisitiza kugawanya kuliko kuvuna.

Hatuombi makuta. Tunaomba ndoo tatu, kipande cha uwanja na ruhusa. Mwenye kuwa na maoni mengine asikae kimya wala asinung'unike ndani ya dortuari. Aandike, karatasi hizi ni za wote, na tutamsoma kwa heshima. Lakini mbele ya kuandika, tafadhali apite kwanza nyuma ya jiko. Mvua ya jana imenyesha vizuri, na kichwa kimoja cha amateke kimekwisha kufungua jani lake juu ya majivu.

Ni sisi wenzenu,
wanafunzi wa klasi ya mwisho, biokimia.